Hosteli Niliyopanga na Sheria Zake za Wageni

Nimepanga katika hosteli hii tangu mwanzo wa mwaka wa pili, na sasa namalizia mwaka wa tatu. Katika muda huo wote sijawahi kumsikia mwanafunzi aliyekuja kuangalia chumba akiuliza habari za wageni. Huuliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, kama luku ni ya chumba au ya jengo zima, kama jiko la gesi linaruhusiwa, na ni dakika ngapi kwa miguu hadi darasani. Nani anaweza kukutembelea, mpaka saa ngapi, na kama mama yako akija kutoka mkoani atapata pa kulala, ni mambo ambayo mpangaji huyakuta baadaye, mgeni mwenyewe akiwa ameshafika getini na begi lake. Tathmini hii inahusu jambo hilo moja.

Sitaitaja hosteli kwa jina, kwa sababu matroni na walinzi ninaowazungumzia bado wako kazini, na kwa sababu amana yangu bado iko mikononi mwao. Inatosha kusema kwamba ni hosteli ya binafsi, ya wasichana peke yao, upande wa Changanyikeni, eneo ambalo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika hupanga nyumba moja na kugombania daladala moja. Jengo lina ghorofa tatu, kila chumba kina watu wanne na vitanda viwili vya deka, na kila mtu hulipa shilingi 420,000 kwa semista pamoja na amana ya shilingi 50,000. Maji ni ya kisima na hayajawahi kutukatikia zaidi ya siku moja, ilhali jenereta huwasha taa za getini na za koridoni tu. Kwa upande huo sina zaidi la kusema.

Sheria za wageni zimechapwa kwenye karatasi moja iliyowekewa plastiki na kubandikwa pembeni ya kibanda cha mlinzi, na mpangaji mpya husaini nakala yake siku anayosaini mkataba. Mgeni wa mchana anaruhusiwa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Anaandikwa kwenye daftari, anaacha kitambulisho getini na anakichukua anapotoka. Mgeni wa kike anaweza kupanda hadi chumbani, lakini wa kiume, awe baba, kaka au mwalimu wa kwaya, huishia barazani kwenye viti vya plastiki vilivyo chini ya mwembe. Mgeni wa kulala lazima awe mwanamke, asizidi siku mbili kwa mwezi, alipiwe shilingi 5,000 kwa kila usiku, na aombewe kwa fomu inayosainiwa na wote wanaolala chumba hicho kabla haijafika kwa matroni. Katika wiki mbili za mitihani ya mwisho wa semista hakuna mgeni wa kulala kabisa, na anayekutwa amelaza mtu bila fomu hukatwa shilingi 30,000 kwenye amana. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko nyingine, imeandikwa kwamba baada ya saa 4 usiku geti halitafunguliwa kwa mtu yeyote asiye mpangaji.

Kwa mtu aliyetoka bweni la chuo, ambako sheria kama hizi zipo lakini hukumbukwa siku ya msako tu, karatasi hiyo inatisha kidogo. Mwaka wa kwanza nililala bweni la namna hiyo, na huko ndiko nilikojifunza kubebana. Mwanafunzi aliyekosa nafasi hubebwa na mwenzake aliyepata: wanalala wawili kwenye godoro la futi mbili na nusu, mzungu wa nne, miguu ya huyu kichwani kwa yule, na asubuhi aliyebebwa hutoka mapema kabla watu wa usafi hawajapita. Chanzo chake si ukorofi wa wanafunzi. Hosteli za Magufuli zilizozinduliwa Aprili 2017, zenye majengo 20 na nafasi 3,840, zilipunguza shida hiyo kwa upande wa Mlimani, lakini wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam bado ni wengi kuliko vitanda vya vyuo vyao, na ndiyo sababu hosteli za binafsi zimeota kuanzia Sinza hadi Makongo.

Mimi nilibeba. Rafiki yangu wa tangu kidato cha tano alilala kwangu wiki kumi na moja, na katika wiki zote hizo sikumwuliza msichana wa kitanda cha juu kama anaridhia. Naye hakusema neno. Alichofanya ni kuanza kufungia sabuni na sukari yake sandukuni, na kusoma maktaba hadi inapofungwa. Wakati ule nilimwona ana roho ndogo. Sasa nafahamu kwamba nilikuwa nimempunguzia chumba alichokilipia sawa na mimi, na kwamba sheria ya bweni, iliyomtisha mgeni wangu na kunitisha mimi, haikuwa imempa yeye mahali popote pa kusema. Angeweza kutushtaki tukafukuzwa wote wawili, au akanyamaza. Njia ya katikati haikuwepo.

Kwa kipimo hicho, jambo bora kuliko yote katika hosteli hii ni ile fomu na zile sahihi tatu. Ni mahali pa kwanza nilipokuta sheria ya wageni inayokiri kwamba mwenye haki ya kwanza ya kumkubali au kumkataa mgeni ni yule atakayelala naye chumba kimoja. Vyuo vingi vya Marekani huwataka wanafunzi wanaolala pamoja wajaze makubaliano ya maandishi mwanzoni mwa mwaka, yanayosema nani anazima taa saa ngapi na mgeni akae siku ngapi; hapa hatujafika huko, lakini fomu ya ukurasa mmoja yenye nafasi za sahihi inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Chumbani kwetu tuko wa Songea, wa Mtwara, wa Kahama na wa Chake Chake, kila mmoja na desturi zake za nyumbani kuhusu mgeni ni nani na hukaa siku ngapi, na bila karatasi ya kutusemea tungeshakosana siku nyingi.

Hata hivyo fomu ina kasoro, na kasoro yenyewe niliiona siku mwenzetu wa Kahama alipompokea dada yake aliyekuja Dar es Salaam kwa usaili wa kazi. Anayeomba sahihi ndiye anayezunguka na fomu mkononi, na ni vigumu kumkatalia mtu ambaye dada yake ameshakaa kitandani kwako anakunywa chai. Mwenzetu wa Chake Chake alikuwa na jaribio kesho yake na hulala usingizi mwepesi. Alisaini huku anatabasamu, kisha akaja kuniambia kwenye kamba ya nguo kwamba angependa kukataa lakini aliona aibu. Ingekuwa kila mmoja anakwenda kusaini mwenyewe kwa matroni, kwa wakati wake, aliyekataa asingejulikana na urafiki ungebaki palepale. Usaili ulisogezwa mbele, dada akataka kuongeza siku, na siku ya tatu jioni matroni akapanda mwenyewe hadi chumbani. Hakuja na jembe. Alikuja na kitabu cha risiti na kuuliza kwa upole sana kama mgeni ameshapata nauli ya kwenda kwa shangazi yake wa Tegeta. Nilikipenda kitendo kile. Chumbani hakuna aliyelazimika kuwa mbaya, kwa sababu ubaya wote ulichukuliwa na mtu anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Kuhusu wageni wa kiume sitachukua muda mrefu. Najua wapo watakaosema kwamba mwanafunzi wa chuo ameshatimiza miaka 18, ni mtu mzima kisheria, na hosteli haina sababu ya kumlinda kama binti wa shule ya kutwa. Hoja hiyo naikubali kwa nusu. Rafiki yangu aliyesoma Nairobi, kwenye hosteli ambako wageni wa jinsia nyingine huingia vyumbani mchana, alinieleza neno lao la eksaili: mwenzako anapoleta mpenzi wake wewe unatoka, unazunguka na daftari lako kama mkimbizi mpaka uitwe. Katika chumba cha watu wanne uhuru wa mmoja hulipwa na watatu, kwa hiyo baraza chini ya mwembe silioni kuwa uonevu. Ninacholalamikia ni kwamba baraza lenyewe ni viti sita kwa jengo la wasichana zaidi ya mia, halina taa ikifika saa 12, na mvua ikinyesha mgeni hujibanza kibandani kwa mlinzi. Kaka yangu aliwahi kuniletea kompyuta iliyotengenezwa Kariakoo, na tulikagua programu zake tumesimama, mwamvuli mmoja, kila mmoja bega moja nje.

Daftari la wageni, ambalo uongozi husema ni kwa ajili ya usalama, linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko wao wenyewe wanavyoliangalia. Sababu ya usalama ni ya kweli. Bweni la Hillside Endarasha huko Nyeri, Kenya, lilipoungua usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, watoto 21 walifariki, na siku iliyofuata serikali ilitangaza kwamba wengine 70 hawajulikani walipo, kwa sababu baadhi walikuwa wamechukuliwa na wazazi na wengine wamekimbilia nyumba za jirani, na hapakuwa na orodha ya kuaminika ya nani yuko wapi. Wazazi walisimama pale wakisubiri hesabu. Ile ilikuwa shule ya watoto, lakini moto hauulizi umri, na jengo letu lenye ghorofa tatu na ngazi moja likishika moto usiku, zimamoto watakachouliza kwanza ni watu wangapi wamo ndani. Jibu linapaswa kuwa kwenye daftari.

Daftari letu halina jibu hilo. Nimelipekua mara kadhaa nikisubiri kuandika wageni wangu, na nililoliona ni majina kama "Mama Rehema" na "Dada" yasiyo na jina la pili, saa za kuingia zilizojazwa kwa uangalifu na saa za kutoka zilizoachwa tupu kurasa nzima, na wageni wa kulala walioandikwa sawa na wa mchana bila alama ya kuwatofautisha. Fomu za kulala hukaa kwenye jalada ofisini kwa matroni, na ofisi hufungwa saa 12 jioni. Kwa maneno mengine, usiku, wakati ambapo habari hiyo inahitajika, mlinzi aliye getini hajui ni wageni wangapi wamelala ndani. Kutengeneza jambo hili hakuhitaji fedha: nakala ya pili ya fomu ingebaki kibandani. Nililipendekeza kwa maandishi mwaka jana nikaambiwa litafanyiwa kazi.

Kitambulisho nacho kina kisa chake, lakini kisa hicho kiko ndani ya kisa cha mama, na ni afadhali nikieleze chote.

Mama yangu alikuwa na kliniki ya moyo Muhimbili, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, saa 2 asubuhi ya siku ya Jumatano. Hosteli za mjini hupokea wageni wengi wa namna hii kuliko wanavyofikiri wanaotunga sheria: mgeni wa mwanafunzi anayetoka mkoani mara nyingi hajaja kutembea, amekuja kutibiwa, na binti anayesoma Dar es Salaam ndiye ndugu wa pekee aliye karibu na hospitali. Fomu niliijaza Jumatatu. Wenzangu watatu walisaini bila mimi kuomba mara mbili, wa Mtwara akaongeza kwamba yeye atahamia kitanda cha juu ili mama alale chini, na matroni akasaini, akapokea shilingi 10,000 za siku mbili na kunipa risiti. Kila kilichoandikwa kwenye ile karatasi ya plastiki nilikuwa nimekitimiza.

Basi la Songea huondoka alfajiri, na safari ni zaidi ya kilomita 900. Siku hiyo lori lilikuwa limefunga barabara kwenye mlima Kitonga, magari yakapanga foleni kwa saa nyingi, na mama alishuka kituo cha Mbezi saa 4 na nusu usiku. Bajaji ilitufikisha getini saa 5 na dakika 20, mama akiwa na kikapu cha dagaa wa Nyasa, mfuko wa ulezi na bahasha ya hospitali aliyoishika kifuani tangu Njombe.

Kijana wa zamu alimwamkia mama vizuri, akaingia kibandani, akatoa kiti chake mwenyewe na kumkalisha nje ya geti. Kisha akaniambia kwamba mimi naweza kuingia, mama hawezi, kwa sababu saa 4 imepita. Nilimwonyesha risiti. Aliisoma kwa tochi ya simu, akakubali kwamba ni halali, na akarudia kwamba sheria ya saa haina fomu. Simu ya matroni ilikuwa imezimwa. Nikawapigia wenzangu, wakashuka wote watatu wamejifunga khanga, wakasimama upande wa ndani wa geti na kumwambia kwamba chumba ni chao, mgeni wanamjua, wamesaini, na hakuna atakayelalamika. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Dada zangu," akasema, "ninyi si uongozi."

Hapo ndipo jirani wa ghorofa ya kwanza, aliyekuwa amesikia kelele, aliponinong'oneza kupitia nondo kwamba bei ya usiku ni shilingi 5,000, haina risiti, na kila mtu anaijua. Kumbe wasichana wanaorudi na wageni wao saa 6 na saa 7 usiku, wageni ambao hakuna mwenzao wa chumba aliyewasainia, hupita kwa bei hiyo mwezi mzima. Nilitoa noti. Mama aliniona.

"Rudisha hela yako," aliniambia. "Nimekuja kulala kwako. Sikuja kumnunua mtoto wa watu."

Kisha akamgeukia yule kijana na kumwuliza kwao ni wapi. Akasema Tunduru. Wakazungumza habari za bei ya korosho, yeye amesimama na mama amekaa kwenye kiti chake, geti limefungwa, mpaka saa 6 na dakika 40 simu ya matroni ilipopatikana na ruhusa ikatolewa kwa sentensi moja. Niseme kwa haki kwamba yule kijana hakuniomba chochote, na noti yangu hakuigusa. Sijui kama ni kwa sababu ya mama au ndivyo alivyo. Ninachojua ni kwamba sheria aliyopewa ilimfanya amzuie mgeni aliyesajiliwa, aliyelipiwa na kukubaliwa na chumba kizima, wakati sheria hiyohiyo ilikuwa imewafungulia wenzake biashara ya kuwapitisha wasiosajiliwa. Geti linalofungwa kwa saa tu, bila kuangalia fomu, hufanya noti iwe na nguvu kuliko sahihi.

Asubuhi tulitoka saa 11 alfajiri. Usiku, ili apite, mama alikuwa ameacha kitambulisho, na kwa uchovu alitoa alichokishika kwanza, nacho kilikuwa kadi yake ya bima ya afya. Zamu ilikuwa imebadilika, mlinzi mpya hakutukumbusha, nasi hatukukumbuka mpaka tulipofika Mwenge. Nikamwacha mama kwenye benchi la kituo, nikarudi kwa bodaboda, nikamkuta mlinzi anasema droo imefungwa na ufunguo kaondoka nao wa usiku. Ulipatikana. Tulifika Muhimbili tumechelewa, mama akahudumiwa, na mambo yakaisha salama, lakini tangu siku hiyo namshauri kila anayepokea mgeni hapa ahakikishe anachoacha getini si kadi ya bima wala ya benki. Sioni hata sababu ya kushikilia kitambulisho cha mtu. Kuandika namba yake daftarini kungetosha, na kungelazimisha daftari liandikwe jina kamili.

Mwisho wa semista nilikuta nimekatwa shilingi 30,000 kwenye amana kwa "kuingiza mgeni nje ya muda". Nilipeleka risiti na nakala ya fomu, nikajieleza kwa barua, na baada ya wiki tano nikarudishiwa 20,000. Ile 10,000 iliyobaki iliitwa gharama za usumbufu, na mpaka leo sijaambiwa ni usumbufu wa nani.

Kwa upande wa bei, shilingi 5,000 ya kulaza mgeni si kubwa, hasa ukilinganisha na gesti ya kawaida ya Mwenge au Sinza ambayo itakutoza mara kadhaa ya hiyo na bado ulale ukisikiliza muziki wa baa ya jirani. Mgeni anatumia maji na choo, kwa hiyo kuchangia ni halali. Lakini wanaolipwa ni hosteli tu, ilhali wanaobanana ni wenzako. Chumbani kwetu tumejiwekea utaratibu wetu ambao haumo kwenye karatasi: mwenye mgeni hununua maji ya kunywa ya chumba kizima kwa siku hizo na kufanya usafi wa zamu ya yule aliyepisha kitanda. Wenzetu wa chumba cha pili wameuiga. Ningekuwa mwenye hosteli ningeuandika.

Katazo la wiki za mitihani naliunga mkono bila masharti, isipokuwa kwa wagonjwa.

Ukiniuliza kama hosteli inafaa, nitasema inafaa, na kwamba kwa wanaolala ndani sheria zake za wageni ni bora kuliko za bweni nililotoka, huku kwa mgeni mwenyewe zikiwa ngumu kuliko inavyostahili. Anayekuja kuangalia chumba aombe kuonyeshwa fomu kabla ya kulipa, asome ile herufi ndogo ya mwisho, na aulize mbele ya matroni, si mbele ya mlinzi, mgeni aliyesajiliwa akichelewa njiani nani anafungua geti. Jibu la swali hilo litamwonyesha anapanga kwa watu wa namna gani.

Tangu mwezi uliopita kuna mabadiliko. Chini ya sheria ya saa 4 mtu ameongeza kwa kalamu ya wino wa bluu, juu ya plastiki, kwamba mgeni mwenye fomu anayetoka safarini ataingia saa yoyote akionyesha tiketi ya basi. Hakuna muhuri, na mvua ikipiga upande huo wino utaondoka. Mama ana kliniki nyingine mwezi wa tatu. Fomu yake nimeshaijaza, sahihi tatu zimo, na yule wa Chake Chake safari hii aliomba mwenyewe kusaini wa kwanza; imebaki ya matroni, ambaye nimemwomba aandike na ile ya wino wa bluu kwenye nakala yangu, na amesema nirudi Ijumaa.